Maneno ya Kiingereza ya Kuunga na Kuhusisha: Asili na Historia Yake

Katika kila lugha yako maneno makubwa na maneno madogo. Makubwa ni majina ya vitu na ya matendo: mlima, mfalme, kupenda, kuuza. Hayo hupewa heshima. Mshairi huyatafuta usiku kucha, na mtunga kamusi huyaeleza kwa raha. Madogo ni yale yanayofunga jambo na jambo, kitu na kitu, mtu na mtu. Hayo yana bahati ya kamba za mtepe: abiria hutazama tanga na mlingoti, asitazame kamba za makumbi zilizoshona ubao kwa ubao, ingawa kamba hizo zikikatika hakuna tena chombo, ila mbao zieleazo.

Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke aliona dhuluma hii zamani. Katika kitabu chake kikubwa juu ya fahamu ya binadamu, cha mwaka 1690, alitenga sura fupi kwa maneno madogo, akasema kwamba watu wamejishughulisha mno na majina na vitendo, wakayaacha haya bila ya uchunguzi unaostahili. Alichukua neno moja tu, "but", akaonyesha kuwa lina maana nyingi zisizofanana. Mwanafunzi wa Kiswahili ataliamini jambo hilo upesi, maana akitaka kulifasiri neno hilo hana budi kuchagua mara "lakini", mara "bali", mara "ila", mara "isipokuwa", na mara nyingine "tu". Locke hakuendelea. Alitaja ugonjwa, akaondoka bila ya kuacha dawa.

Aliyeendelea alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa, na habari yake yastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa kuwa ni nadra mtu kufungwa gerezani akatoka na sarufi.

John Horne alizaliwa mwaka 1736, akasomea ukasisi, lakini moyo wake ulikuwa katika siasa. Mwezi wa Aprili mwaka 1775 askari wa mfalme wa Uingereza waliwapiga risasi Wamarekani huko Lexington na Concord, na vita vya uhuru wa Marekani vikaanza. Horne alikuwa katika chama kilichowaonea huruma Wamarekani. Chama kilichanga pauni 100 kwa ajili ya wajane, mayatima na wazee wa waliokufa, na tangazo la mchango huo likatiwa magazetini, likisema waziwazi kwamba watu hao waliuawa kwa dhuluma na askari wa mfalme. Serikali ikakasirika. Mwaka 1777 Horne alishitakiwa mbele ya Lord Mansfield, jaji mkuu aliyeogopwa na mawakili wote wa London, kwa kosa la kuandika maneno ya uchochezi. Akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya pauni 200.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Horne alijitetea mwenyewe, na baada ya hukumu alitafuta njia ya kuivunja katika maandishi ya mashitaka. Mashitaka yalisema ameandika maneno "of and concerning" serikali ya mfalme na matumizi ya askari wake, yaani juu ya serikali hiyo na kuihusu. Horne alidai kuwa maneno hayo mawili hayatoshi kumfunga mtu. Upande wa mashitaka ulipaswa kusema kwa jumla kamili kwamba jambo fulani lilitendeka, ndipo useme kuwa yeye alilisingizia. Waliompinga walileta hukumu ya zamani iliyotegemea neno "that", yaani "kwamba". Rufani yake haikufaulu. Mwaka 1778, angali chini ya adhabu hiyo, alichapisha barua kwa wakili mashuhuri John Dunning, na barua hiyo si ya siasa wala ya kuomba msamaha: ni barua ya sarufi. Ndani yake alijieleza kuwa ni mhanga wa vihusishi viwili na kiunganishi kimoja.

Hoja yake juu ya "that" ilikuwa nzuri, na wataalamu waliokuja nyuma hawakuitupa. Alisema kwamba hakuna "that" mbili katika Kiingereza, moja ya kuonyesha kitu na nyingine ya kuunga sentensi. Ni moja tu. Mtu asemapo kwa Kiingereza kuwa anajua "that" fulani ni mwizi, asili ya usemi wake ni sentensi mbili: fulani ni mwizi, mimi najua hilo. Neno lililokuwa likionyesha kwa kidole limekaa mahali pamoja muda mrefu hata watu wamesahau kuwa ni kidole, wakadhani ni kifundo.

Ikiwa msomaji aona kwamba jambo hili ni la ajabu za Wazungu, na aligeukie neno letu "kwamba". Ndani yake mna kitendo cha kale "kuamba", yaani kusema, ambacho leo hakisikiki sana peke yake, lakini kiko hai katika "kuambia" na "kuambiana", na ndicho pia kilichozaa "ambaye" na "ambacho". Nikisema "najua kwamba amekuja", asili yake ni kama kusema: najua, kwa kusema, amekuja. Horne alikisia njia hiyo akiwa mbali na pwani yetu, asijue neno moja la Kiswahili.

Mwaka 1782 aliongeza jina la rafiki yake William Tooke, tajiri aliyekuwa na nyumba huko Purley, akaitwa tangu hapo John Horne Tooke. Mwaka 1786 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake, akakipa jina la Kiyunani lenye maana ya "maneno yenye mabawa" na jina la Kiingereza lenye kutaja burudani za Purley. Juzuu ya pili ilifuata mwaka 1805. Madai yake ni haya: hakuna neno katika lugha lisilokuwa, hapo mwanzo, jina la kitu au la tendo. Maneno ya kuunga si mashetani yaliyoshuka kutoka hewani. Ni majina yaliyochakaa kwa kupita mikononi mwa watu wengi, kama sarafu iliyofutika sura ya mfalme.

Shabaha yake haikuwa sarufi peke yake. Aliona kwamba wanasheria na makasisi huwatawala watu kwa maneno ambayo asili yake imefichika, na kwamba aliyefichua asili amemnyang'anya mtawala silaha. Kwa sababu hiyo kitabu chake kilisomwa na wapenda mageuzi kama kitabu cha siasa, na serikali nayo haikumsahau: mwaka 1794 alishitakiwa tena, safari hii kwa uhaini, ambao adhabu yake ilikuwa kifo. Baraza la wazee wa mahakama likamwachilia.

Katika asili alizozitoa nyingi zilikuwa za kukisia, na baadhi ni za kuchekesha. Alisema "if", yaani "kama", ni amri ya kitendo "give", kana kwamba mtu husema: nipe kwamba mvua imenyesha, nami nitalima. Ni wazo tamu, lakini si la kweli. Lugha ndugu za Kiingereza zaonyesha kwamba neno hilo lina shina lake mbali na kitendo cha kutoa. Kosa lake lilitokana na wakati wake. Mwaka huohuo wa 1786 Sir William Jones alikuwa Calcutta akiwaeleza wenzake kuwa Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini ni watoto wa mama mmoja; na kutokana na wazo hilo Wajerumani na Wadenmark wa karne ya 19, akina Rask na Grimm, walijenga elimu ya kulinganisha lugha kwa kanuni za sauti badala ya kufuata mfanano wa masikio. Tooke aliwatangulia, akakosa chombo chao.

Walakini katika msingi hakukosea sana. Wataalamu waliotunga kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, waliyafuata maneno haya karne kwa karne, wakakuta mengi yana tumbo la jina au la tendo. "Because" ni "by cause", kwa sababu, neno kwa neno. "Between" lina mbili ndani yake, kwa kuwa ni mahali pa viwili. "Among" lilikuwa "katika mchanganyiko". "Beside" ni ubavuni. "Instead" ni mahali pa mwingine. "While" lilikuwa jina la muda. "During" ni tawi la kitendo kilichokufa chenye maana ya kudumu. Na "since", ambalo leo hueleza sababu, lilianza kwa kueleza wakati: baada ya hayo. Hapa tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Neno letu "maadamu" lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya "muda wa kudumu jambo", nasi leo twalitumia kwa sababu zaidi kuliko kwa muda. "Mpaka" ni jina la alama kati ya shamba na shamba, na papo hapo ni neno la kuunga: alikaa mpaka jioni. "Pamoja" ni mahali pamoja. "Chini" ni nchi yenye "ni" nyuma yake. Katika Kiingereza Tooke alilazimika kuchimba kaburi ili aone mifupa. Katika Kiswahili mifupa mingine ingali inatembea mchana.

Tuyaache sasa makisio, tuingie katika historia yenyewe, maana viungo vya Kiingereza vina hadithi ya vita ndani yake.

Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, hakikutegemea sana maneno madogo. Uhusiano wa kitu na kitu ulionekana katika mwisho wa jina. Jina la mwenye mali lilikuwa na mwisho wake, jina la apewaye mwisho wake, na mpangilio wa maneno ulikuwa huru kiasi. Neno "of" lilikuwepo, lakini halikuwa na kazi ya leo. Maana yake ilikuwa "kutoka", "mbali na". Kwa hakika "of" na "off" ni neno moja: likitamkwa kwa nguvu lilibaki na maana ya kuondoka, na likitamkwa kwa ulegevu likawa la kumiliki, na baadaye wachapaji wakayapa maandishi mawili. Kwa hiyo neno ambalo Mwingereza hulitumia leo kufunga mtoto na baba yake lilianza kazi likiwa neno la kutenganisha.

Neno "with" lina kisa cha kushangaza zaidi. Leo maana yake ni "pamoja na". Zamani maana yake ilikuwa "dhidi ya", au "kuelekea". Aliyetaka kusema "pamoja na" alisema "mid", kama Wajerumani wasemavyo "mit" hata leo. Kisha "with" likapanda na "mid" likashuka mpaka likapotea, likaacha kumbukumbu moja katika neno "midwife", lenye maana ya mwanamke aliye pamoja na mzazi, yaani mkunga. Nayo maana ya kale ya "with" imejificha katika "withstand", kusimama dhidi ya mtu, na katika usemi wa vita. Mwingereza akisema fulani alipigana "with" Wafaransa, huwezi kujua kama walikuwa rafiki zake au adui zake mpaka aeleze zaidi. Wala tusimcheke, kwa sababu "alipigana na Wajerumani" katika Kiswahili chetu ina utata uleule, na wazee waliotumika katika vita vikuu viwili waliueleza kwa kuongeza maneno: upande wa Waingereza, upande wa Wajerumani.

Ni nini kilicholeta mageuzi haya? Sababu mbili zaonekana wazi. Kwanza ni Waskandinavia. Walianza kwa kushambulia, na uharibifu wa nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793 wakumbukwa hata leo. Kisha wakakaa, wakalima, wakaoa. Mwaka 1016 mfalme wao Cnut alikuwa mfalme wa Uingereza. Lugha yao na Kiingereza zilikuwa karibu kama lugha za majirani wawili wa kabila moja: mashina ya maneno yalifanana, miisho ikatofautiana. Watu wawili wa namna hiyo wakizungumza sokoni, kila mmoja hushika shina na kuacha mwisho. Ushahidi wa jinsi walivyochanganyika ni kwamba Kiingereza kilipokea kwao hata viungo vya ndani kabisa: "they", "their" na "them", na pia "both", "same" na "though". Lugha hukopa majina ya vitu kwa mgeni yeyote apitaye na bidhaa. Kukopa neno la "wao" na neno la "ijapokuwa" ni jambo la watu waliolala chini ya paa moja.

Pili ni Wanorman. Baada ya mwaka 1066 Kifaransa kikawa lugha ya baraza na mahakama, na Kiingereza kikabaki lugha ya jikoni na shambani. Kwa kuwa hakikuwa tena na waandishi wa kukilinda, miisho yake iliyokuwa imekwisha kulegea iliharibika upesi. Katika tarehe iliyoandikwa na watawa wa Peterborough, ambayo ilikomea habari za mwaka 1154, twaweza kuona miisho ya maneno ikianguka. Kazi iliyoachwa na miisho lazima ifanywe na mwingine, na "of" ndilo lililoipokea, likisaidiwa na mfano wa "de" ya Kifaransa, ambayo nayo ilikuwa ya kutoka na ya kumiliki pamoja.

Mpaka hapa tumesema juu ya kamba ndogo. Juu yake Kifaransa na Kilatini zilileta majina makubwa ya uhusiano, yale yanayopendwa na wasomi: "relation", "connection", "affinity". "Connection" ni kufunga pamoja, kwa kitendo cha Kilatini cha kufunga kamba. "Relation" ni kurudisha. Na katika Kiingereza lilihesabiwa kwanza kuwa ni masimulizi, kurudisha habari kwa msikilizaji, maana ambayo haijafa. "Relationship" ni mtoto mdogo, wa karne ya 18. Lakini lenye historia ya damu kuliko yote ni "affinity".

Asili yake katika Kilatini ni kupakana: mashamba mawili yenye mpaka mmoja. Kanisa lililichukua kwa udugu wa ndoa, yaani ukwe. Mtu akioa, jamaa za mkewe huwa wamepakana naye, na hawezi kuwaoa. Mwaka 1502 Arthur, mwana wa mfalme wa Uingereza, alikufa, akamwacha mjane, Catherine wa Aragon. Ili ndugu yake Henry aweze kumwoa mjane huyo ilihitajika ruhusa ya Papa, na Papa Julius II akaitoa. Henry VIII alimwoa mwaka 1509. Alipokosa mwana wa kiume na kumtamani mwanamke mwingine, alikumbuka neno hilo moja: huyu amepakana nami, ndoa yangu si ndoa. Papa wa wakati huo hakukubali kuvunja kilichofungwa na mwenzake. Mwaka 1533 askofu mkuu Cranmer alitangaza kwamba ndoa ilikuwa batili, na mwaka 1534 bunge likamfanya mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Simkusudii msomaji aamini kuwa Uingereza iliachana na Roma kwa ajili ya neno. Palikuwa na ardhi, fedha na fahari. Lakini hoja iliyoandikwa, iliyopelekwa kwa vyuo vikuu na kubishaniwa na wanachuo, ilikuwa hoja ya maana ya udugu wa ndoa na mipaka yake.

Mwaka 1563 askofu mkuu Parker alitoa orodha ya wasiooana, na orodha hiyo ikachapishwa katika vitabu vya sala vizazi kwa vizazi. Waumini waliochoka na mahubiri walikuwa wakiisoma. Dada wa mke aliyekufa alikuwa haramu kwa mujibu wake, na sheria ya nchi haikumruhusu mpaka mwaka 1907, baada ya ubishi wa miaka mingi bungeni. Waislamu wa pwani yetu, ambao kwao kilichokatazwa ni kuwaoa madada wawili kwa wakati mmoja, bila shaka wangeustaajabia ubishi huo. Hata maneno ya Kiingereza ya ukwe yana alama ya mahakama hiyo ya Kanisa: ndugu wa mke ni "brother-in-law", ndugu kwa sheria, na sheria hiyo ni ya Kanisa. Sisi tuna shemeji, wifi, mkwe. Majina kamili yasiyohitaji hakimu.

Hapa lazima nieleze hasara ambayo Waingereza wenyewe hawaihisi. Kiingereza cha kale kilikuwa na majina mbalimbali ya ndugu wa wazazi. Ndugu wa baba aliitwa "fædera", ndugu wa mama "ēam", dada wa baba "faþu", na dada wa mama "mōdrige". Hayo yote yameanguka mbele ya maneno mawili ya Kifaransa, "uncle" na "aunt". Na Kifaransa chenyewe kilikuwa kimekwisha kupoteza: "uncle" latokana na Kilatini "avunculus", ambaye ni ndugu wa mama tu, yaani mjomba; na "aunt" latokana na "amita", dada wa baba, yaani shangazi. Ami na mama mdogo walifukuzwa, mjomba na shangazi wakakalia viti vyao. "Cousin" nalo ni mtoto wa dada wa mama katika asili yake ya Kilatini, na leo ni kila mtu.

Haya si mambo ya majina matupu. Tacitus, Mrumi aliyeandika juu ya Wajerumani wa kale mnamo mwaka 98, alieleza kwamba kwao mtoto wa dada alikuwa na heshima kwa mjomba wake sawa na aliyo nayo kwa baba, na wengine waliuona udugu huo kuwa mtakatifu zaidi. Katika utenzi wa Beowulf shujaa ni mpwa wa mfalme Hygelac kwa upande wa mama. Mmakonde au Mluguru asomapo habari hiyo haitaji maelezo. Anajua uzito wa mjomba katika ukoo unaohesabiwa kwa mama. Mwingereza wa leo hupita juu yake bila ya kuona kitu, kwa sababu lugha yake imeondoa neno lililokuwa likimwonyesha. Nasi tusijisifu mno. "Binamu" kwa Kiarabu ni mtoto wa ami tu, na siku hizi mijini huitwa hivyo watoto wa mjomba, wa shangazi na wa mama mkubwa pia. Yaliyompata "cousin" yanampata binamu, nasi tunatazama.

Baadhi ya wasomi husema kwamba upungufu wa viungo si hatari, kwa kuwa akili ya msikilizaji hujaza pengo. Mahakama za Uingereza zina jibu. Caleb Diplock alikufa mwaka 1936 akiacha wasia: baki ya mali yake ipewe makusudi ya sadaka "or" ya hisani, kama watekelezaji wa wasia watakavyoona. Watekelezaji, kwa nia njema, waligawa zaidi ya pauni 200,000 kwa mashirika 139, hospitali na mengineyo. Ndipo jamaa wa marehemu wakasimama. Katika sheria ya Uingereza sadaka ina maana maalumu, na hisani ni pana zaidi ya hiyo. Kama marehemu angeandika "and", kila kitu kingekuwa sadaka yenye hisani ndani yake, na wasia ungesimama. Kwa kuwa aliandika "or", watekelezaji walikuwa na ruhusa ya kutoa mali kwa jambo lisilo sadaka, na wasia wa namna hiyo, usiotaja mrithi wala sadaka halisi, ni batili. Mwaka 1944 Baraza la Malords liliamua hivyo. Kesi za kurudisha fedha zilifuata, na mwaka 1951 Baraza hilohilo likathibitisha kuwa waliopokea hawana budi kuzirejesha kwa jamaa. Yako mahospitali yaliyokwisha kuzitumia kwa majengo. Alichokusudia marehemu hakuna aliyekitilia shaka kwa dhati. Lakini mahakama husoma kamba, haisomi moyo.

Kama Tooke alikuwa mfungwa wa maneno haya, Peter Mark Roget alikuwa bawabu wao. Tabibu huyu, aliyezaliwa London mwaka 1779 na kuwa katibu wa chama cha wataalamu cha Royal Society kwa miaka mingi, alianza mwaka 1805 kujiandikia orodha ya maneno yaliyopangwa kwa maana badala ya herufi. Aliitoa hadharani mwaka 1852, alipokuwa amepita miaka 70, na kitabu kikaenea dunia nzima. Aligawa fikira zote za binadamu katika mafungu 6 yenye vichwa 1,000. Na fungu la kwanza, kabla ya nafasi, kabla ya maumbile, kabla ya akili na mapenzi, ni fungu la mahusiano: kuwapo, kuhusiana, kiasi, mpango, hesabu, wakati, mabadiliko, sababu. Udugu wa damu aliuweka hapohapo karibu na uhusiano wa jumla. Sidhani kama aliufikiria ushindi wa Locke, lakini maneno yaliyosahauliwa mwaka 1690 yalikuwa sasa yamekaa mlangoni mwa kitabu.

Elimu ya mantiki ilikuwa inageuka njia hiyo wakati uleule. Tangu Aristotle wanachuo walikuwa wameridhika na sentensi ya namna moja: kitu fulani kina sifa fulani. Mwaka 1860 Augustus De Morgan, aliyezaliwa Madurai katika Bara Hindi, alichapisha makala juu ya mantiki ya mahusiano, akionyesha kuwa kanuni hizo za zamani hazitoshi kwa hoja rahisi kama hii: farasi ni mnyama, basi kichwa cha farasi ni kichwa cha mnyama. Tatizo lote limo katika "cha".

Na "cha" hiyo yaturudisha nyumbani. Askofu Steere alipotoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na Krapf kamusi yake mwaka 1882, wote walikutana na kiungo ambacho Kiingereza hakina mfano wake. "Of" ni moja kwa vyote. Kiungo chetu huvaa nguo ya kitu kinachomilikiwa: kitabu cha mtoto, nyumba ya mtoto, maji ya mtoto, wimbo wa mtoto. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikataa kuiita kihusishi cha kawaida, akaiita "a" ya uhusiano, na naona alifanya vema. Hata neno "uhusiano" ni ndoa ya namna hiyo: shina lake "husu" ni la Kiarabu, na "ana" ya kutendana iliyo ndani yake ni ya Kibantu. "Sababu" nayo, ambayo kwayo twaunga nusu ya hoja zetu, ilikuwa na maana ya kamba katika Kiarabu cha kale.

Wanafunzi waliozoea Kiingereza huteleza hapo mara nyingi. Wakiona "of" huandika "ya", na kumbe mara nyingi Kiswahili hakitaki neno lolote, kwa kuwa uhusiano umekwisha kuingia ndani ya kitendo. Mwingereza hujaa "of" maji. Mtungi wetu umejaa maji, basi. Mwingereza hujivuna "of" mwanawe. Sisi twajivunia mwana. Mwingereza huleta barua "to" mtu na kulia "for" mtu. Sisi twamletea, twamlilia. Herufi moja au mbili katikati ya kitendo zimefanya kazi ambayo Kiingereza kiligawia maneno kumi, na baadhi ya maneno hayo, kama tulivyoona, yalipatikana kwa Waskandinavia, na mengine yalianza maisha yao yakimaanisha kinyume.